Historia ya reli yetu: vitabu, vichwa vya mvuke na kumbukumbu za wazee

Kuna kichwa cha treni ya mvuke chenye jina la Mlima Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Ukitaka kukiona, huendi Same wala Dar es Salaam. Kipo Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli. Historia ya reli yetu nayo ni hivyo hivyo: sehemu kubwa imehifadhiwa mbali, tena kwa Kiingereza.

Kwa nini kipo Nairobi?

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza reli ikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1948 iliunganishwa na reli ya Kenya na Uganda, likazaliwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao yake makuu Nairobi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilianzisha shirika lake, makumbusho yakabaki pale pale.

Shengena ni namba 5930, mojawapo ya vichwa 34 vilivyotengenezwa Manchester, Uingereza, na kiwanda cha Beyer Peacock katika miaka ya 1950. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Boila ilikaa katikati, na seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa hiyo kiliweza kukunja kona, na uzito wake ukasambaa juu ya reli nyembamba. Jirani yake yupo Gelai, mlima wa Longido, na kichwa kingine chenye jina la Wanyaturu wa Singida.

Vitabu vinasemaje?

Kitabu kikubwa cha zamani ni Permanent Way cha M. F. Hill. Juzuu la kwanza linahusu reli ya Kenya na Uganda, la pili reli ya Tanganyika. Kilitolewa na shirika lenyewe, hivyo ndani yake utakutana zaidi na wakubwa wa reli kuliko na kibarua aliyebeba mataruma.

Kuhusu TAZARA, ambayo stesheni yake kuu ipo Temeke, yupo Jamie Monson na kitabu chake Africa's Freedom Railway cha mwaka 2009. Yeye alikaa na waliojenga reli hiyo na wakulima na wafanyabiashara wa kando yake, akawasikiliza.

Waingereza walifanyaje?

Huko nako vichwa vingi vya mvuke vilikatwa vikauzwa vyuma chakavu. Vilivyopona, vingi viliokolewa na watu wa kawaida. Reli ndogo ya Talyllyn, huko Wales, iliponea chupuchupu kufungwa. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua wakaiendesha wenyewe, na bado inatembea.

Sisi tufanye nini?

Kichwa cha tani 250 hatuwezi kukirudisha. Lakini Temeke, Kinondoni na vijijini kando ya reli bado wapo wazee waliokuwa madereva, wachochea moto, stesheni masta na watu wa magengi ya kutengeneza njia. Wengi wa waliofanya kazi enzi za mvuke ni watu wazima sana sasa. Simu uliyoshika inatosha:

- Mwombe mzee ruhusa, kisha rekodi sauti sehemu tulivu.
- Anza na jina lake, kazi yake, stesheni alizofanyia kazi na miaka.
- Uliza mambo ya kila siku: mshahara, chakula cha safarini, ajali, nyimbo za kazi. Uliza pia alikuwa wapi wakati wa mgomo wa reli wa mwaka 1960.
- Piga picha vitambulisho, barua za ajira na picha za zamani. Karatasi zenyewe zibaki kwa familia.
- Nakala ihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine pia. Simu hupotea.

Usichoke mzee akirudia jambo. Mara ya pili ndipo hukumbuka jina la mwenzake, au stesheni ambayo leo ni pori.