Nani Aliruhusiwa Kutazama Bonde?

Vijana wengi wa Pumwani wanaijua hii safari ya siku moja. Watu kumi na wanne wanachanga, nissan inakodishwa, na kabla jua halijatoka vizuri Gikomba imeachwa nyuma. Mnapanda Waiyaki Way hadi Limuru, baridi inaingia, halafu ghafla ni kama ardhi imeisha. Chini kuna Bonde la Ufa, na mbele Mlima Longonot umesimama, mita 2,776. Mnashuka Mai Mahiu, mnakula samaki Naivasha, na kurudi mnapitia Kinangop, safu ya Nyandarua ikiwa mkono wa kushoto. Mtu akiwauliza mnaenda kufanya nini huko, jibu ni fupi: hakuna, tunaenda kuona tu.

Hilo jibu lina historia. Kuna wakati mtu wa Pumwani angelitoa, angelala ndani.

Pumwani ilianzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, kama mtaa rasmi wa Waafrika Nairobi. Watu wa vijiji vya zamani vya mji walisukumwa huko kidogo kidogo. Pangani ilikuwa ya mwisho kubomolewa, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930. Wengi husema jina Pumwani linatokana na kupumua, kupumzika. Lakini hayo mapumziko yalikuwa na masharti. Mji ulitaka mikono ya Mwafrika, haukumtaka Mwafrika mwenyewe azoee kukaa.

Chombo cha kumdhibiti kilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, na wengi waliitia kwenye kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi, tajiri ndiye aliyetia sahihi kuonyesha kwamba amekuachilia. Bila hiyo sahihi wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Sasa fikiria kupanga rodi tripu ukiwa na hiyo karatasi shingoni. Na huko mnakoelekea, sehemu kubwa ilikuwa "Nyanda za Wazungu": Naivasha, Kinangop, mashamba yaliyotengewa walowezi kwa sheria. Mwafrika alikuwepo, ndiyo, lakini kama mkamuaji, mpishi, mchungaji. Aliliona bonde kila siku akiwa kazini. Kusimama na kulitazama kwa raha zake, hiyo ilikuwa shughuli ya mwenye shamba na wageni wake.

Hata barabara yenyewe ina kisa. Ile ya kushuka Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, walioletwa Kenya baada ya jeshi lao kushindwa Ethiopia mwaka 1941. Kanisa dogo walilojijengea mwaka 1942 bado liko pale chini, na magari husimama watu wapige picha.

Mfungwa mwenzao mmoja alitupa mfano mzuri kuliko wote. Felice Benuzzi alikuwa kambini Nanyuki, akiuona Mlima Kenya kila mawingu yalipofunguka. Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka wakaenda mlimani, yeye na mmoja wao wakafika Kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi akawapunguzia hadi siku 7, kwa kuthamini ule moyo wao wa kimichezo. Hawa walikuwa maadui wa Uingereza, vita vikiendelea! Mtu wa Majengo aliyetoka kwa tajiri bila sahihi hakuitwa mwanamichezo. Aliitwa mhalifu.

Miaka kumi baadaye pengo hilo likawa wazi zaidi. Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, madereva walishindana kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo Safari Rally ya kwanza. Wakati huohuo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, msitu wa Nyandarua ulikuwa eneo lililopigwa marufuku, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walibanwa kwa vibali hata kwenda kwao. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi wakaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Maelfu walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa Lang'ata kuchujwa, na wengi wakaishia kambi za Mackinnon Road na Manyani. Kwa wazee wengi wa Eastlands, safari ndefu waliyoikumbuka kuliko zote ilikuwa hiyo. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kutazama nje.

Hali ya Hatari iliisha Januari 1960, na mwaka huohuo mashamba ya Nyanda za Juu yakaanza kufunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Kericho, akashinda Safari Rally. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akaruhusu matatu kufanya kazi bila kuhangaishwa kwa leseni za usafiri. Gari la mtaa likawa halali, na barabara ikaanza kuwa ya yeyote mwenye nauli.

Nauli nayo ni kizuizi, tusijidanganye. Kuna watu wamezaliwa Pumwani wakazeeka Pumwani bila kuliona Bonde la Ufa, ilhali Naivasha ni kama kilomita 90 tu. Na mtaani kitambulisho bado tunakiita kipande. Mama akikuona unatoka na nguo ya safari, swali lake la kwanza ni, "Umebeba kipande?" Anajua polisi barabarani humtazama kijana wa Eastlands kwa jicho gani.

Kwa hivyo anayesema rodi tripu ni mchezo wa watoto wa siku hizi, mwambie aangalie tena. Kukaa juu ya ukingo wa bonde na mahindi mkononi, bila kazi ya kufanya na bila sahihi ya mtu, ni haki ambayo babu zetu walinyimwa kwa sheria. Chukueni muda wenu pale. Dereva atangoja.