Saratani ya kinywa ikigundulika mapema hutibika

Wengi wakisikia neno saratani huona ndiyo mwisho. Saratani ya kinywa ikigundulika ingali ndogo, mgonjwa anaweza kupona na kuishi miaka mingi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kati ya wagonjwa 100 waliogundulika kabla ugonjwa haujasambaa, zaidi ya 80 huwa hai miaka 5 baadaye. Ukishafika sehemu za mbali za mwili, idadi hiyo haifiki nusu.

Sababu ni hii: donda dogo daktari anaweza kulikata lote. Likiachwa hupenya hadi kwenye taya na tezi za shingo, na matibabu huwa makubwa zaidi.

Nani yuko hatarini?
Anayevuta sigara, anayetumia ugoro au tumbaku ya kutafuna, na anayekunywa pombe, hasa akichanganya na tumbaku. Watafunaji wa tambuu nao wamo. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani.

Dalili za kuangalia
• Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, hata kama hakiumi
• Doa jeupe au jekundu lisilofutika
• Uvimbe kinywani au shingoni
• Ganzi ya ulimi au mdomo
• Jino kulegea bila sababu

Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, angalia chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Huko Kerala, India, ambako tambuu hutafunwa sana, wahudumu wa afya walianza mwaka 1996 kuwakagua watu vinywa kwa macho tu. Kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani hii vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Uende wapi?
Msikilizaji wa Makorora, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupimwa maabara. Vidonda vingi huwa si saratani, lakini kipimo ndicho kinachojibu. Wanaohitaji mionzi hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Baada ya kupona
Acha kabisa tumbaku na popoo, na usikose kliniki hata ukijisikia mzima. Saratani inaweza kurudi, au nyingine ikaanza pembeni, na daktari akiiwahi nayo hutibika.