Injini mbili zilizozishinda tatu

Mwaka 1977 Frank Borman, yule mwanaanga aliyeiongoza Apollo 8 kuuzunguka mwezi, alikuwa mkuu wa Eastern Air Lines, shirika la Marekani lililoelemewa na madeni. Wauzaji kutoka Toulouse, Ufaransa, wakamjia na ofa isiyo ya kawaida: chukua ndege nne, zirushe miezi sita bila kutulipa kodi, kisha utuambie kama unazitaka.

Ofa kama hiyo haitolewi na mtu ambaye biashara yake inamwendea vizuri. Ndege zenyewe, Airbus A300, zilikuwa zimepangwa kiwandani zikiwa na mikia myeupe, bila nembo ya shirika lolote.

Ajabu ni kwamba wazo la ndege hii lilitoka Marekani. Mwaka 1966 Frank Kolk, mhandisi wa American Airlines, aliandika sifa za ndege aliyoihitaji: injini mbili, abiria wapatao 250, safari za masafa ya kati. Viwanda vya kwao vikaongeza injini ya tatu, ndipo zikazaliwa DC-10 na TriStar. Wazungu wa Ulaya ndio waliobaki na mbili.

Nao nusura waharibu. Mchoro wao wa kwanza ulikuwa wa abiria 300, na injini yake ilikuwa bado haijatengenezwa. Mhandisi Roger Béteille akaipunguza ndege hadi viti 250 hivi, akachagua injini ya General Electric, ya jamii ileile iliyotumika kwenye DC-10. Serikali ya Uingereza ilijitoa kwenye mradi huu wa pamoja wa Ulaya mwaka 1969, lakini kampuni ya Hawker Siddeley ikabaki kwa fedha zake kutengeneza mabawa, na kwa maoni yangu hapo ndipo bahati ya ndege hii ilipokuwa. Bawa lilikuwa nene kuliko ilivyozoeleka, ila limeumbwa hivi kwamba sehemu yake ya nyuma nayo ibebe mzigo. Unene huo uliruhusu bawa jepesi lenye nafasi kubwa ya mafuta.

Béteille alijua pia kwamba shirika haliishi kwa nauli peke yake. Aliinua sakafu ya abiria kidogo ili kontena mbili za kawaida za mizigo zikae ubavu kwa ubavu chini yake.

Ndege iliruka mara ya kwanza Oktoba 28, 1972. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapaa. Ungedhani wanunuzi wangepanga foleni, lakini mashirika hayakuwa na fedha, na wenye nazo hawakutaka kuwa wa kwanza kumwamini mgeni. Ndipo wauzaji wakamfuata Borman.

Eastern walipozirusha A300, waliona zinakunywa mafuta pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko TriStar zao. Mwaka 1978 wakaagiza 23. Julai mwaka huohuo Boeing ikazindua 767, nayo ya injini mbili. Lockheed, waliotengeneza TriStar, walitangaza mwaka 1981 kwamba wanaisitisha, na hawakurudi tena kwenye ndege za abiria.

Mwaka 1986 Kenya Airways ilipokea A310 zake: mwili uleule wa A300 uliofupishwa, juu ya bawa jipya.