Betri Juani

Utotoni mwangu Kilosa, betri za redio zikichoka, baba alizianika juu ya bati. Joto liliamsha kemikali iliyobaki ndani ya kopo la zinki, nasi tukapata taarifa ya habari ya usiku. Tangu 1975 umeme wa Kidatu, kusini mwa Mikumi, ulisafirishwa hadi Dar es Salaam, lakini vijiji vyetu vingi viliendelea kutegemea betri.

Leo nikitengeneza kompyuta mpakato hapa Mikumi, nawasihi vijana wasiurithi mtindo ule wa kuanika betri. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni 1991, huzeeshwa na joto. Ziwekwe kivulini, zichajiwe hadi asilimia 80, mwanga wa kioo upunguzwe. Tuliloachiwa na wazee ni moyo wa kutunza nishati, huo tuuenzi.