Mawe ya Thimlich Ohinga

Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Kendu Bay, na nikikuta ukuta huanza kutazama msingi na pembe. Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe huko Nyatike, kilomita zipatazo 46 kutoka mjini Migori, hakuna pembe. Kuta zinazunguka zikijipindapinda, nene mita moja hadi tatu, na kwingine zinapanda hadi mita 4.2. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikiza, wala jiwe lililochongwa.

Wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 16. Siri yake iko kwenye mpangilio. Mawe makubwa yamepangwa upande wa nje na upande wa ndani, yakikamatana, na katikati pakashindiliwa mawe madogo. Nimepapasa viungo vile kwa vidole: jiwe la juu linakalia mawili ya chini, na uzito wenyewe ndio unaofunga. Milango ni mifupi, imewekewa mawe marefu juu, kwa hiyo adui aliingia ameinama, mkuki wake haufai kitu. Kwenye eneo la Kochieng, boma kubwa kuliko mengine ya hapo, Kakuku, Koketch na Kolouch, pana mahali pa kufulia chuma, na juu ya mwamba kuna vishimo vya mchezo wa ajua. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Waliobeba mawe haya walipata pia wasaa wa kucheza.

Sisi Wajaluo hatukuwa wa kwanza kukaa humo. Tulikuta kuta za waliotutangulia, tukazitengeneza na kuendelea kuishi, hadi boma lilipohamwa katikati ya karne ya 20. Kwangu mimi, aliyerudisha jiwe lililoanguka anastahili heshima sawa na aliyeliweka mwanzo.

Nyanya yangu alitusimulia habari za Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na kwetu, katika kaunti ya Homa Bay. Bikizee mwenye njaa alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyemkirimu, akaambiwa aondoke na watu wake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Hadithi hiyo ilitufunza ukarimu. Huku Thimlich, simulizi zimefanya kazi nyingine: kulinda mawe. Gunda, yaani boma lililohamwa, si mahali pa kuchezea, na anayebeba jiwe lake kwenda kujengea kwake anajitafutia balaa. Bila hofu hiyo, naamini mawe haya yangekuwa misingi ya nyumba zetu.

UNESCO iliitia Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nilifurahi sana, lakini mizizi ya miti haisomi orodha. Inapenya kati ya mawe na kuyasukuma, na panapobomoka panahitaji mtu anayejua kupanga bila saruji. Ningependa vijana wa jamii za huku, Kadem na Kabuoch, wafundishwe kazi hiyo palepale, kwa mshahara, huku wazee wanaokumbuka maboma mengine ya mawe ya Nyanza Kusini wangalipo wa kuwasahihisha.