Mzinga Mdogo Uliovuka Bara

Msomaji, huenda wewe ukaaye Machakos, mbali na bahari, ukadhani kwamba habari za mizinga ya manowari hazikuhusu. Lakini mzinga mmoja wa baharini ulifika ndani kabisa ya bara letu, na habari zake yafaa uzijue.

Mwaka 1866 Mwingereza Robert Whitehead alitengeneza topido, yaani kombora lijiendeshalo lenyewe chini ya maji. Haukupita muda mrefu mataifa yakaunda mashua ndogo zenye mbio za kuichukua silaha hiyo. Wakuu wa manowari wakaingiwa na hofu. Mizinga yao mikubwa iliweza kuvunja chuma, lakini ilikuwa mizito kugeuzwa na ilikawia kushindiliwa. Kabla haijapigwa mara ya pili, mashua ya adui ingekwisha fika karibu. Hata ndovu husumbuliwa na nyuki.

Ndipo ulipotakiwa mzinga mwepesi upigao upesi. Kiwanda cha Hotchkiss kule Ufaransa kikaunda mzinga wenye kinywa cha milimita 47, na risasi yake ilikuwa ya ratli 3. Risasi na baruti vilitiwa pamoja katika kasha moja, hata wapigaji hodari wakaweza kupiga zaidi ya mara 20 kwa dakika. Manowari za Uingereza zilianza kuupata katika miaka ya 1880. Baadaye mashua za topido zilizidi ukubwa, na topido zikaenda mbali zaidi. Mzinga huo ukashindwa kazi yake, ukabaki wa kazi ndogo ndogo.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli za Wajerumani zilitawala Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata Waingereza walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kila moja ilikuwa na mzinga wa Hotchkiss wa ratli 3 upande wa mbele. Zilipita Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikakokotwa milimani kwa magari ya mvuke na ng'ombe, huku mamia ya Waafrika wakikata miti na kujenga madaraja mbele yao.

Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliikabili meli Kingani. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, basi zikaifuata kwa nyuma. Nahodha wake akauawa, na meli ikatekwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi ziliizamisha Hedwig von Wissmann.

Tazama mambo yalivyogeuka! Mzinga uliobuniwa kuzilinda meli kubwa na mashua ndogo, sasa ulikuwa ndani ya mashua ndogo, ukiwinda meli.

Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa, hata ya motaboti. Lakini majina ya waliojenga madaraja yale ni nadra kuonekana. Katika vita hiyo hiyo Wakamba wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, wakumbusha jeshi hilo la wapagazi. Basi, msomaji, waulize wazee wa kwenu kama wamesikia jina la mmoja wao, nawe uliandike.