Unataka kufuga jongoo? Cheki rada kwanza

Manze, jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki ni noma: anaweza kupita sentimita 25 na kuishi miaka kadhaa. Wengi hudedi mapema juu ya udongo mbaya, na udongo ndio msosi wake. Changanya udongo, majani na magogo yaliyooza, yasiyo na dawa ya wadudu. Kina kitoshane na urefu wake, na usikauke. Ongeza maganda ya mayai yaliyosagwa.

Unataka watoto? Weka dume na jike; dume hana miguu kwenye pete ya 7. Mayai hutagwa udongoni. Akijichimbia wiki kadhaa, usimfukue, anajivua gamba. Ukimshika, nawa mikono, usiguse macho.